Iliki Kidondani

Maiti ya Bi Dhahabu ilikuwa imelazwa juu ya kitanda cha kuoshea, nyumbani kwake Chaani, Changamwe, siku ya kumi na nne ya Ramadhani, mwaka 1994. Mwanarusi, mwosha maiti, alifungua bendeji ya mguu, akanusa, akaibwaga kata ya maji chini.

"Siendelei! Niitieni polisi."

Wanaume waliokuwa nje na jeneza wakapandwa na hasira. Maiti hasubirishwi. Tena mwosha hasemi alichokiona. Aibu ya maiti ni amana. Mwanarusi aliyajua yote hayo. Miaka ishirini anaosha, hajafungua kinywa hata siku moja.

Inspekta Nzai alipofika alisimama mlangoni, maana mwanamume haingii hapo.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Shika hii, unuse."

Bendeji ikapitishwa kwenye ufa wa mlango. Ilinata, imejaa sisimizi. Nzai akanusa. Usaha. Na iliki.

"Kidonda hutiwa iliki tangu lini, Inspekta? Hii si aibu ya maiti. Ni aibu ya aliye hai."

Bi Dhahabu alikuwa na ugonjwa wa sukari, na kidonda cha mguu kilichokataa kupona mwaka mzima. Mwanawe Mwidani, baharia, alimletea kopo la asali kutoka Nyuzilandi, asali ya maua ya mti uitwao manuka. Kwa wiki tano nyama mpya ikachipua. Kisha mguu ukageuka, ukaoza, homa ikampanda, akafa.

Mastura, mke wa Mwidani, alikuwa na jibu tayari. "Mwulizeni Florence! Si yeye mfunga kidonda?"

Florence, muuguzi, alikuwa amesimama ukutani, macho mekundu.

"Ulimtia nini?" Nzai akamwuliza.

"Asali ya koponi, bwana."

"Asali tu?"

"Ile niliyopewa. Lakini mwanzo ilikuwa nzito, naichota kwa kijiko, nikiinamisha kopo haimwagiki. Tangu mwezi uandame imekuwa ikichuruzika. Nikamwuliza Mastura. Akaniambia ni joto."

"Joto la Changamwe limeanza juzi?"

Florence akainamisha kichwa. "Ilinipasa nikatae. Asali yoyote mbichi huua vijidudu, bwana, lakini ikikutana na damu na usaha huishiwa nguvu. Hiyo ya manuka ina nguvu nyingine juu yake, haizimiki upesi. Wataalamu wenyewe bado hawajajua ni kitu gani. Mguu ule ulikuwa unapona!"

Nzai akageuka. "Tangu mwezi uandame. Nani hupika kaimati nyumba hii?"

Macho yote yakamwendea Mastura.

Jikoni palikuwa na sufuria ya shira, maji ya sukari ya kutilia kaimati. Nzai akainusa: iliki ile ile. Akapekua jikoni kote, akatia mkono ndani ya pipa la mchele, akatoa chupa iliyoviringwa kanga. Ndani mlikuwa na asali nyeusi-nyeusi. Akaiinamisha. Haikusogea.

Akarudi nayo, sauti imempanda.

"Dawa umeificha hatua sita kutoka kitanda cha mgonjwa! Mtu wa sukari, ukamtia sukari kidondani!"

"Sikutaka afe."

"Ulitaka nini?"

"Nilitaka asitembee!" Mastura akapiga kelele, mishipa ya shingo imemtoka. "Kila asubuhi namwosha, namwaga choo chake, naye ananiambia: mguu ukipona nakwenda Likoni kwa miguu yangu, kumposea mwanangu mke wa kuzaa. Miaka minne ya ndoa, bila mtoto! Niuponye mimi mguu wa kuniletea mke mwenza?"

"Mbona asali hukuitupa?"

"Mwidani yuaja Idi. Angeposa bila mama kwenda Likoni? Akishaondoka tena baharini, ningeirudisha koponi."

"Na uliponusa mguu unaoza?"

"Nikasema kesho nitairudisha. Kila siku nikasema kesho."

Mwanarusi alikuwa akisikiliza nyuma ya mlango. "Ukamsikia akilia, mama wa watu, ukaenda kupika futari!"

Mastura akaanguka magotini. "Bi Mwanarusi, niache nimmiminie maji. Mara moja tu, kabla hawajanichukua."

"Kwa mkono huo? Wallahi humgusi."

Pingu zikafungwa. Wanaume waliokuja juu asubuhi walikuwa wameketi karibu na jeneza, hakuna aliyemwangalia mwenziwe.

Mwanarusi akaokota kata, akafunga mlango, akaanza upya na mguu. Akauosha mara tatu. Akauosha mara tano. Mara ya saba akainama, akanusa.

Iliki.