Siku Nzito za Heshmat

Nosrat alitandaza kitambaa sakafuni. Akaweka mkate, jibini na chai. Kisha akaleta shati na suruali nyeupe, zimekunjwa vizuri.

"Nimezifua tena," alimwambia mumewe, Heshmat. "Ingawa hazijaona tope tangu zishonwe."

"Mchimba kanati huvaa nguo safi, Mama Mahin."

"Mchimba, ndiyo. Wewe ni mvuta kamba."

Heshmat alikunywa chai haraka, ikamchoma ulimi.

Kijiji chao kiko ukingoni mwa jangwa, upande wa Yazd. Mvua huko ni kama mgeni. Maji huja kwa kanati, yaani mfereji mrefu uliochimbwa chini ya ardhi kutoka mlimani. Juu yake kuna visima vya kushukia, kimoja baada ya kingine. Mfereji ukiziba, mchimba hushuka kuuzibua. Huvaa nyeupe ili aonekane gizani. Ipo na sababu ya pili, ambayo watu huitaja kwa sauti ndogo. Udongo ukimwangukia, sanda anayo tayari mwilini.

Tangu utotoni Heshmat alitaka kazi hiyo tu. Kwa miaka minne alizungusha gurudumu la kamba juu ya kisima, akipandisha ndoo za udongo ambazo Fundi Barat alizijaza chini. Alijua kila kitu cha kazi ile. Ila kushuka hakuwahi.

Siku hiyo alimkuta Fundi Barat kisimani, amekaa juu ya jiwe, anajisugua magoti. Mzee ana miaka sabini na moja. Tangu masika magoti yale yamekataa kupanda na kushuka.

"Leo vipi?" fundi aliuliza.

Heshmat alichungulia shimo. Mita thelathini. Mdomo wake ulikauka. Harufu ya udongo mbichi ilimpanda puani, akapiga chafya. Moja tu.

Kule, chafya moja ni onyo: acha unachofanya, subiri.

"Siku nzito, fundi," alisema upesi.

Sasa, wachimba kanati wana desturi moja. Mchimba akisema siku nzito, haulizwi kwa nini. Halazimishwi. Ni desturi nzuri, imeokoa watu wengi. Lakini Heshmat alikuwa ameigeuza maficho. Jumamosi alimwona kunguru. Jumapili aliota jino limeng'oka. Leo chafya.

Fundi alitazama mlimani. "Mimi sikuulizi. Ila nikupe habari. Udongo umeanguka chini ya kisima hiki. Maji yamebaki nusu. Makomamanga ya bondeni yanadondosha maua. Wakulima wenye zamu za maji walikutana jana. Wametoa siku kumi na mbili. Baada ya hapo wataleta mchimba wa kijiji kingine, na yeye ana mwanafunzi wake."

"Na mimi?"

"Utaendelea kuvuta kamba. Mpaka uzeeke."

Heshmat hakurudi nyumbani. Alikwenda zahanati. Mhudumu wa afya, Sedigheh, ni jirani yao. Anapima presha, anachanja watoto, na kila nyumba anajua kilichomo.

"Dada Sedigheh, niandikie karatasi. Sema moyo wangu mbovu, sifai kushuka kisimani."

"Kaa hapo kwanza."

Alimfunga kipimo mkononi. Akasikiliza kifua. Akamwambia apande na kushuka ngazi za mlangoni mara ishirini, akasikiliza tena.

"Moyo unakwenda mbio kama punda wa mlimani," alisema. "Lakini punda mwenyewe mzima. Siandiki uongo."

Heshmat aliinamisha kichwa. Aliikalia mikono yake.

"Naona giza linanifunika," alisema. "Nikifikiri tu kushuka, pumzi inakatika. Halafu natafuta sababu. Nikiipata nashukuru. Usiku najichukia."

"Hiyo ni hofu. Si ugonjwa, na si aibu. Kule chini watu hufa kweli. Asiyeogopa kabisa, mimi nisingemruhusu kushuka." Alitoa daftari la shule kwenye droo. "Unajua kuandika?"

"Polepole."

"Polepole inatosha. Piga mstari katikati ya ukurasa. Upande huu andika unachoogopa ambacho unaweza kukikagua. Kamba. Hewa. Ukuta wenye ufa. Upande ule andika usichoweza kukikagua. Kunguru. Ndoto. Chafya. Upande wa kwanza ukiwa na kasoro hata moja, usishuke. Upande wa pili usome, ufunge daftari, uende."

"Nikienda miguu itakataa."

"Basi usiende hadi chini. Shuka hatua chache. Moyo utapiga kwa nguvu. Usipande hapo hapo. Ukipanda mbio, hofu inajifunza kwamba imekuokoa, kesho inakuja kubwa zaidi. Kaa hapo hapo, vuta pumzi taratibu, mpaka moyo utulie wenyewe. Ndipo upande. Kesho ongeza."

"Na nikishindwa?"

"Utakuwa umeshindwa ukiwa hatua ya tano. Leo umeshindwa ukiwa zahanati."

Kesho yake walikwenda kisimani watatu. Nosrat alikuja kushika gurudumu pamoja na fundi, kwa kuwa mtu hashuki bila watu wawili juu.

"Usiniangalie," Heshmat alimwambia.

"Nitaangalia kamba. Wewe una uzuri gani?"

Fundi Barat aliishika kamba akaipitisha mkononi yote, akitafuta nyuzi zilizokatika. Akamfanya Heshmat arudie. Kisha wakateremsha taa ya mafuta hadi chini.

"Tazama moto," fundi alisema. "Ukisimama vizuri, hewa ipo. Ukififia, chini kuna hewa mbaya. Hapo hata uitwe na mama yako, hushuki."

Moto ulisimama. Heshmat aliandika: kamba nzima, hewa nzuri, ukuta hauna ufa. Upande wa pili aliandika: nimeota vibaya. Akavaa kofia ngumu, akafungwa kamba kiunoni.

Ukutani kuna vikanyagio vilivyochongwa. Alishuka vitano. Kichwa kilipopita chini ya ardhi, masikio yaliziba. Jasho la baridi lilimtoka. Kila kitu mwilini kilimwambia panda.

"Vipi huko?" fundi aliita.

"Nakufa."

"Unakufa ukiwa kikanyagio cha ngapi?"

"Cha tano."

"Haya. Kufa polepole, tuna siku nzima."

Nosrat alicheka juu, kisha kicheko kikageuka kilio. Heshmat aliegemea ukuta, akahesabu pumzi. Alihesabu mpaka mia mbili kumi. Moyo ukashuka mwendo. Haukutulia kabisa, lakini ulishuka. Ndipo akapanda.

Siku ya pili vikanyagio kumi na viwili. Siku ya tano thelathini. Siku ya sita aliogopa zaidi kuliko siku ya kwanza, akarudi kwenye ishirini. Aliliandika hilo pia.

Siku ya tisa taa iliteremshwa, na moto ukawa mwembamba, ukageuka mwekundu. Heshmat alikuwa ameshafungwa kamba.

"Sishuki," alisema.

Safari hii sauti haikutetemeka. Fundi aliinama kutazama, akaitikia kwa kichwa. Walipuliza hewa shimoni kwa mvukuto na bomba mpaka alasiri. Hata hivyo hawakushuka siku hiyo.

"Umeona?" fundi alisema wakifungasha. "Hofu ya leo imekuambia jambo. Zile nyingine zilikuwa zinapiga kelele tu."

Siku ya kumi na mbili moto ulisimama. Heshmat alishuka vikanyagio vyote sabini na vitatu. Chini, mdomo wa kisima ulionekana mdogo kama sarafu. Alipiga magoti majini, akatambaa ndani ya mfereji, taa mbele. Dari lilikuwa karibu na mgongo wake. Punje za udongo zilimdondokea shingoni. Akasimama hapo. Pumzi ikakatika, giza lile alilolijua likaja kumfunika.

Hakurudi nyuma. Hakusogea mbele pia. Alihesabu. Mia moja. Mia mbili. Mia tatu. Taa iliendelea kuwaka wima.

Pumzi iliporudi, alirudi chini ya kisima, akateremshiwa pete pana za udongo wa kuchoma, za kupenya mtu. Alizipanga moja baada ya moja kushikilia dari bovu, kama alivyofundishwa. Ndipo akafika kwenye udongo ulioanguka. Nyuma ya udongo huo maji yalikuwa yamejikusanya, akayasikia yakisukuma. Angeuvunja wote kwa pupa, maji yangemzoa. Alitoboa tundu dogo upande wa juu. Maji yakatoka membamba, baridi, yakampiga kifuani. Alipanua kidogo, akangoja. Akapanua tena, akangoja. Ndoo zilipanda na kushuka mpaka jua likainama.

Jioni maji yalifika bondeni. Yalikuja na tope kwanza, kisha meupe. Wenye zamu walisimama mferejini wakibishana nani aanze kumwagilia. Hakuna aliyekumbuka tena mchimba wa kijiji kingine.

Heshmat alilala siku mbili, mwili wote unauma. Siku ya tatu akashuka kisima cha jirani kusafisha. Kikanyagio cha tano kilimtoa jasho vile vile.

Wiki ya pili walikuja watu wawili wa kijiji cha ng'ambo. Kanati yao ilikuwa imeziba. Walimtaka Fundi Barat. Fundi aliwaonyesha nyumba ya Heshmat.

Walimkuta mlangoni, daftari gotini, anaandika polepole. Mmoja alimpima kwa macho, kuanzia viatu hadi kichwa.

"Tumeambiwa wewe ndiye unayeshuka. Huogopi?"

"Naogopa," alisema Heshmat, akafungua ukurasa mpya. "Kisima chenu kina mita ngapi?"