Pikapu Nyuma ya Pipa la Taka

Haya alinisimulia Ardith mwenyewe, mwezi wa saba uliopita, tulipokuwa tukivunja maharage mabichi barazani kwangu.

Ardith anakaa juu mlimani, huku kwetu Kentucky, pamoja na mumewe Harlan, mkata magogo, na binti yao Opal wa miaka kumi. Opal haendi shule. Mama yake humfundisha nyumbani, mezani jikoni. Vitabu wanavyo. Mtandao hawana, maana nyaya hazijapanda mpaka kwao.

Mwaka ule mtihani wa Opal wa kumaliza mwaka ulikuwa wa kufanyia kwenye kompyuta, kwa mtandao. Ulitakiwa uishe kabla ya Ijumaa, la sivyo Opal angerudia mwaka mzima.

Jumatano Ardith akaazima kompyuta ya dada yake, wakashuka mjini yeye na Opal. Akaegesha pikapu nyuma ya maktaba, karibu na pipa kubwa la taka. Jirani yake Rena, naye anasomesha wanawe nyumbani, ndiye aliyemwonyesha mahali hapo. Alimwambia mtandao wa maktaba unafika, na mtu haonekani.

“Mama, mbona tumejificha?” Opal akauliza.

“Hatujajificha. Tumeegesha kivulini.”

“Kivuli kiko kule mlangoni.”

“Fanya mtihani, Opal.”

Kwenye swali la tisa mtandao ukakatika. Kwenye swali la ishirini ukakatika tena. Maandishi yakatokea: ukikatika mara ya tatu, mtihani utafungwa.

Opal akaondoa vidole kwenye kompyuta. “Kwani mimi ni mjinga, mama?”

“Hapana, mwanangu. Ni mtandao tu.” Lakini moyoni Ardith alijilaumu. Alijiambia siku zote kuwa mzazi aliyeikataa shule ya umma hana uso wa kuomba vitu vya umma.

Dirisha likagongwa. Alikuwa Bi Imogene, mkutubi, na mfuko wa taka mkononi.

“Dada, hapo mtapata harufu tu. Mtandao haufiki vizuri.”

Uso wa Ardith ukaiva kwa aibu. “Samahani, tunaondoka. Hatukukusudia kuiba.”

“Utaniibiaje kitu nilichokuandalia mezani? Tunauacha wazi makusudi, hata tukishafunga milango.”

“Lakini sisi tunasomesha nyumbani.”

“Nyumbani ni mwezini? Maktaba ni ya kila mtu. Una barua yoyote yenye jina lako na mahali unapokaa?”

Ardith akapekua pikapu, akapata barua ya bima. Ilitosha. Wakaingia ndani, na haikupita robo saa alikuwa na kadi yake ya maktaba, na Opal ya kwake, mama ametia sahihi. Hawakudaiwa hata senti. Opal akaketishwa kwenye chumba kidogo cha kimya, mbele ya kompyuta ya maktaba. Majibu yake ya mwanzo yalikuwa yamehifadhiwa, akaendelea pale alipoishia.

Wakati wakimsubiri, Bi Imogene akaeleza taratibu.

“Njooni asubuhi, wa shuleni wakiwa darasani. Kompyuta zote zinakuwa zenu. Masomo ya hesabu na lugha yamo humo, mnaingia kwa namba ya kadi. Darubini ya kuangalia vijidudu tunaazimisha. Na hiki pia.”

Akampa kijisanduku kama kipande cha sabuni.

“Kinavuta mawimbi ya simu, kinawapa mtandao nyumbani. Kiwekeni dirishani. Kaa nacho wiki mbili, kisha ukirudishe mwenzako akitumie. Ukimaliza kazi kwenye kompyuta ya hapa, funga ukurasa wako, asije mwingine akaufungua.”

Mlango ukafunguliwa. “Nimemaliza,” Opal akasema. “Kiti chao kinazunguka.”

Wiki iliyofuata matokeo yakaja kupitia kijisanduku, jikoni, wakila maharage na mkate wa mahindi. Opal amefaulu. Harlan akayasoma mara mbili, akapenga kamasi, akasema ni pilipili.

Ardith akasimama dirishani, akampigia Rena.

“Shoga, tusiegeshe tena nyuma ya pipa.”

“Wametukamata?”

“Wametukaribisha. Kesho asubuhi nakupitia. Beba barua yenye jina lako.”

Harlan akalala kwanza. Kisha Opal, kadi yake chini ya mto. Ardith akakitazama kidogo kitaa cha kijani kilichowaka kwenye kijisanduku, akavuta blanketi, naye usingizi ukamchukua.