Mlango Uliogoma Kushuka

Jua lilikuwa linazama niliporudi kutoka dukani na betri ya rimoti. Fundi nilimkuta ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, katikati ya banda letu la gari, anafuta mafuta mikononi. Mtaani tunamwita Taratibu. Kazi ya asubuhi moja huimaliza jioni, na ukimharakisha anakwambia, "Taratibu, dada, haraka haraka haina baraka." Mimi subira sikuzaliwa nayo. Nilimpa betri, nikamsimamia palepale.

Mota ya kushusha mlango wa banda tuliinunua kwa sababu ya mgongo wa mume wangu. Tangu mwaka uanze alikuwa hawezi kuinama wala kunyanyua kitu, na hospitali walimpiga picha kila upande wasione kasoro. Mlango wenyewe wa banda ni wa bati zito, wa kupandisha na kuteremsha kwa mikono. Aliyekuwa akiuteremsha kila jioni ni mama mkwe wangu, mzee aliyekonda kama ukuni. Nilikuwa naona aibu. Watu wangesema nini, mkwe mwenye nguvu zake amekaa, mzee anavuta bati?

Lakini Mama hakutaka msaada. Kila magharibi aliingia bandani peke yake, akashika mpini, na kabla ya kuvuta aliiambia barabara tupu: "Hapa hakuna mtu wako. Nenda."

Kisha bati lilishuka kwa kishindo. Tulishamzoea. Mwanawe alimtania kwamba anafukuza paka, naye alicheka tu. Siku tulipompa habari za mota hakucheka. Aliuliza swali moja.

"Hiyo mota itasema nini?"

"Itasema grrr, Mama," nilimjibu, na mume wangu akacheka mpaka akashika mgongo.

Kwa hiyo nilimwita fundi siku ambayo Mama alikwenda kumjulia hali binti yake. Nilitaka arudi akute kazi imekwisha, asipate nafasi ya kubisha. Nilijiona mjanja kweli.

Taratibu aliweka betri, akanionyesha visanduku viwili karibu na sakafu, kimoja huku na kingine kule. "Haya ni macho, dada. Yanatazamana. Kikikatiza kitu hapa kati, mtoto au paka, mlango haushuki. Hii taa ya kijani inakuwa nyekundu."

Akabonyeza. Grrr... mlango ukaanza kushuka vizuri. Ulipofika nusu, ukasimama.

Ukarudi juu.

Taa ilikuwa nyekundu. Taratibu aliyafuta macho kwa kitambaa, akabonyeza tena. Mlango ukashuka, ukasimama, ukarudi. Alikaza skrubu, akakagua nyaya, akabonyeza tena. Yaleyale. Pale mlangoni hapakuwa na kitu, ila sakafu kavu, kokoto za nje na kiza kilichokuwa kinaingia.

Ndipo nikasikia harufu. Udongo mbichi, wa shimo lililochimbwa sasa hivi. Na mvua tulikuwa hatujaiona kwa muda mrefu.

Taratibu aliacha kufuta mikono. "Dada..." alinong'ona. "Kuna mtu amesimama hapa."

"Mimi simwoni mtu."

"Hata mimi simwoni. Jicho ndilo linamwona."

Niliogopa, na mimi nikiogopa nakuwa mkali. Mbu walikuwa wanajaa ndani, chakula kilikuwa jikoni, na huyu mwanaume mzima ananiletea hadithi. Niliweka mikono kiunoni nikaigeukia ile nafasi tupu.

"Basi kama ni mgeni, karibu! Mgeni njoo, mwenyeji apone. Ingia, tufunge mlango!"

Taa ikawa ya kijani.

Taratibu hakuwa amebonyeza chochote. Rimoti ilikuwa juu ya ndoo. Mlango ukashuka wenyewe, polepole, bila hata kutetemeka, ukagusa sakafu.

Siku hiyo nilimwona Taratibu akifanya haraka. Alipitia mlango mdogo wa jikoni, akaacha ndoo, bisibisi na kofia yake.

Nilikuwa nazima jiko mume wangu aliponiita kutoka chumbani. Sauti yake haikuwa ya kawaida.

"Umeingia na nani?"

"Niko peke yangu."

"Nimesikia nyayo zinakuja huku. Zimesimama hapa kitandani... Mke wangu, miguu yangu siisikii."

Nilifunua shuka. Miguu ilikuwa ya baridi kama bomba la maji. Niliisugua, nikaikanda, nikalia. Baridi ilikuwa inapanda magotini huku mikono yangu ikiwa juu yake. Na chumba kizima kilinuka udongo.

Mama alirudi wakati huo. Hakuuliza kuhusu mota. Alisimama kizingitini mwa chumba, akavuta pumzi puani, akanitazama.

"Nani amemkaribisha?"

Mzaha mzaha hutumbua usaha, na wangu ulikuwa umeshatumbua. Nilipiga magoti nikamwambia yote. Hakunigombeza, na hilo liliniuma kuliko kofi. Alinishika mkono, akanipeleka ukumbini, akazungumza kwa sauti ya chini.

"Baba yao alipotaka utajiri, alikwenda mahali. Akaambiwa atoe mtu mmoja wa nyumba hii. Akamtaja huyu mume wako, mwanangu wa kwanza, angali tumboni mwangu. Lakini akafa yeye kabla ya siku yenyewe. Tangu hapo, huyo aliyeahidiwa anakuja mlangoni kila magharibi. Hawezi kuvuka bila kukaribishwa. Mwaka huu nguvu zimenipungua, sauti yangu haifiki mbali. Ndiyo maana mgongo wa mwanangu ukaanza kuuma."

"Mama, kwa nini hukutuambia?"

"Ningesema nini? Mngeniita mchawi."

Ni kweli. Tungemwita.

Alivua mtandio wake akaukunja vizuri, akauweka juu ya kiti. "Aliahidiwa mtu wa nyumba hii. Mimi si mtu wa nyumba hii?"

Nilimng'ang'ania. Nilimshika nguo kama mtoto anayeachwa. Akanibandua vidole, kimoja kimoja.

"Mume wako hajala. Mpashie chakula. Na kesho uuteremshe ule mlango kwa mkono wako, umwambie nilivyokuwa namwambia. Hata usikie nini. Aliyetajwa si mimi, huenda akarudi."

Aliingia bandani, akafunga mlango mdogo nyuma yake. Nilimsikia akinong'ona, kwa adabu, kama mtu anayezungumza na mgeni wa heshima. Kisha...

Grrr.

Nilifungua. Mlango mkubwa ulikuwa juu, taa ilikuwa nyekundu. Ikawa kijani. Ikawa nyekundu tena, ikawa kijani. Wawili walikuwa wamepita.

Kandambili za Mama zilikuwa katikati ya yale macho, zimepangwa vizuri, zinatazama nje.

"Mama amerudi?" mtu aliuliza nyuma yangu. Alikuwa mume wangu. Amesimama wima, anajinyoosha mgongo, hashiki hata ukuta.

Tulimtafuta. Polisi waliandika maelezo, majirani walisema wazee hupotewa na njia. Taratibu alirudi mchana kweupe kung'oa mota, na mara hii hakumwambia mtu habari za haraka na baraka. Sasa bati naliteremsha mimi. Kila magharibi naingia bandani peke yangu, nashika mpini, nasema maneno. Mume wangu ananitania kwamba nimerithi paka wa mama yake. Namwacha acheke. Sikumwambia kitu. Ningesema nini? Kwamba baba yake alimtoa, na mama yake akaenda badala yake kwa sababu ya ulimi wangu?

Kwa muda ilikuwa harufu tu. Naisikia, nasema maneno, inaondoka.

Jana ilikuja na sauti.

"Hodi..."

Ilikuwa sauti ya Mama. Imechoka, ina mafua kidogo, kama alivyokuwa akiamka asubuhi za baridi. Nilitaka kuuachia mpini nikamkimbilie nje.

"Hodi, mwanangu. Nje huku baridi. Nimechoka kusimama."

Sijui kama ni yeye, au ni yule mwingine amejifunza kusema kama yeye. Nilikumbuka alivyonibandua vidole. Nikayasema maneno huku machozi yananitoka: "Hapa hakuna mtu wako. Nenda." Nikavuta bati kwa uzito wangu wote.

"Hodi humu ndani!" Sasa ilipaza sauti, na haikuwa inasema na mimi tena. "Hodi, mwanangu wa kwanza!"

Bati lilikuwa limebakiza upana wa kiganja kugusa sakafu. Nyuma yangu mlango wa jikoni ukafunguka, na mume wangu akaitika kwa furaha ambayo sijaisikia kwake tangu Mama apotee.

"Mama! Karibu, Mama! Karibu ndani!"