Kovu la Fundi Bomba

Duka la uchapaji lilijaa hadi mlangoni. Uchaguzi ulikuwa umebakiza wiki tatu, na kila mgombea alitaka sura yake ikae ukutani kabla ya mwenzake. Fundi Bomba akajipenyeza katikati ya wenye suti, gumbuti miguuni, spana mfuko wa nyuma, kilemba cha rangi ya machungwa kichwani, kovu refu shavuni, mpaka kwenye meza ya mpiga picha.

"Dada, choo kinachovuja kiko nyuma," mpiga picha alisema huku macho yakiwa kwenye kompyuta.

"Nitakiona nikimaliza. Kwanza nipige picha, nagombea udiwani."

Mpiga picha akainua macho. Kifuniko cha kamera kikamponyoka, kikabingirika hadi kwenye gumbuti la Fundi.

"Kaa hapo," akasema. "Ila usicheke."

"Kwa nini?"

"Ukicheka mkono wangu unatetemeka."

Fundi akacheka makusudi. Baada ya picha akaziba bomba la choo na la sinki bure, na yule kijana wa kamera akaomba namba ya simu, eti choo kikisumbua tena. Choo hakikusumbua. Simu ililia jioni ile ile.

Ikawa kila jioni. Hata siku aliyotoka redioni, Fundi alimpigia kabla hajavua viatu.

"Mpinzani wangu wamemuuliza barabara na shule. Mimi wameniuliza nani ananisuka na nitaolewa lini. Dakika saba nzima, mpenzi."

"Ukawajibu nini?"

"Nikawaambia nasukwa na dada yangu, na dada yangu anaosha vichwa vya wateja kwa maji ya ndoo, maana bomba la mtaa wake limekauka mwaka wa pili huu."

Kijana akacheka mpaka akakohoa. "Waache hao. Mimi nakupenda hivyo hivyo ulivyo."

Fundi alilala na maneno hayo kama mtoto na pipi mdomoni.

Jumamosi asubuhi mabango yakatoka. Aliyakuta ukutani karibu na bomba la mtaa, akina mama wamepanga foleni na ndoo zao, wanalitazama moja.

"Huyu binti ni nani?"

"Labda anauza sabuni."

Fundi akasogea. Uso ulikuwa laini kama yai, mweupe kuliko mama yake alivyomzaa. Na lile kovu la kutoka shavuni hadi kidevuni halikuwepo. Alikwenda dukani karibu anakimbia.

"Kovu langu liko wapi?"

Mpiga picha akatazama bango lililokuwa mezani, akatazama shavu. "Fundi wangu, nisikilize. Kila sura inayopita hapa naipitishia mkono kwenye kompyuta. Mabibi harusi, wachungaji, hata mpinzani wako nimempunguza kitambi. Mkono umezoea. Sikufikiria."

"Redioni wamenichambua, sokoni wamenichambua, nikakimbilia kwako. Kumbe na wewe unanitaka niwe mwingine."

Fundi akaondoka, akazima simu. Siku tatu nzima akafunga mabomba ya watu kwa hasira hadi yakagoma kufunguka.

Siku ya nne asubuhi akaitwa kukarabati bomba lile lile la mtaa. Alipokata kona akasimama. Ukuta mzima ulikuwa yeye: amelala chini ya sinki la dukani, spana mkononi, masizi puani, anageuka kucheka, na kovu lake waziwazi. Hakujua hata kama alipigwa picha hiyo. Juu ya ngazi alikuwa kijana, gundi hadi kwenye nyusi.

"Ahaa, huyu sasa ndiye," mama mmoja alisema, akatua ndoo. "Kovu hilo nalijua. Bomba kuu lilipopasuka likamrukia usoni, na hakuondoka mpaka likafungwa."

"Yule muuza sabuni mmempeleka wapi?" akadakia mwenzake.

Kijana akashuka. "Nimembandua kwa kucha zangu, mama." Akamgeukia Fundi, sauti imepungua. "Hii nilikupiga siku ile ya kwanza, nikaificha iwe yangu peke yangu. Nilikosea, mpenzi. Ilikuwa ya mtaa mzima."

Fundi akatoa kitambaa, akamfuta gundi kwenye nyusi, taratibu, mbele ya foleni nzima. "Shika spana," akamwambia. "Leo unanisaidia."

Kura zilipohesabiwa, mpinzani alipungua kuliko kitambi chake kwenye bango. Diwani mpya alikula kiapo na kilemba chake cha machungwa. Mwandishi mmoja akamuuliza viatu alivyovaa kanunua wapi, akajibu kuwa maji ya mtaa wa dada yake yatafunguliwa Jumatatu.

Mpiga picha akamsubiri nje, kwenye ngazi za ukumbi.

"Mheshimiwa, naomba kazi. Nipige picha ya harusi yako."

"Harusi yangu na nani?"

"Na mimi. Nitaweka kamera ijipige yenyewe."

Moyo wa Fundi ukaruka kama maji yanayorudi bombani. "Na mkono wako utauweka wapi?"

"Popote utakapouweka wewe. Lakini picha sitaigusa, hata ukiamka na chunusi."

Fundi akauchukua ule mkono, akauweka shavuni mwake, juu ya kovu. "Basi uzoee hapa."