Vumbi la Mbao Lililogoma

Kila siku baada ya shule, Chiriku alifagia karakana ya baba yake, fundi seremala. Jina hilo alipewa nyumbani, maana mdomo wake haukujua likizo. Vumbi la mbao ngumu alimwekea mama yake mdogo kwenye gunia.

Mama mdogo alikuwa mkemia. Alikuwa ametengeneza kiyeyushi kwa asidi ileile ya maziwa yaliyochacha. Kiyeyushi hicho kiliyeyusha gundi ya asili inayoshikamanisha nyuzi za mti, bila sumu yoyote. Nyuzi zikishaachana, hutengenezwa karatasi, hata mafuta ya magari.

"Niletee vumbi la mti mgumu tu, mwanangu," alisisitiza. "La plaiwudi lina gundi ya kiwandani, haiyeyuki humu."

Lakini jana wenzake walikuwa wakimsubiri wakaruke kamba. Chiriku alifagia chapuchapu, la huku na la kule, yote gunia moja.

Leo alipopita maabara, alimkuta mama mdogo ameshika tama. Ndani ya chupa, vumbi lilikuwa limeganda mabonge.

"Kesho wakubwa wanakuja kuamua kama kazi hii iendelee," alisema. "Kumbe kiyeyushi chenyewe hakifai. Bora nikimwage."

Chiriku aliyatazama yale mabonge, akakumbuka gunia la jana. Asiposema, nani atajua? Mama mdogo akainua dumu kuelekea kwenye sinki.

"Usimwage, mama mdogo. Kosa ni langu. Nilichanganya na la plaiwudi."

Mama mdogo akatua dumu, akamtazama. "Haya, twende kwa baba yako. Na leo kamba utaiona kwa macho tu."

Baba aliposikia kisa hicho, alicheka. "Mdomo wote huo, ukashindwa kusema jana?" Akapasua kwa msumeno gogo safi la mti mgumu, Chiriku akakinga vumbi.

Waliporudi maabara, walilipasha moto ndani ya kiyeyushi; kikageuka rangi ya chai ya rangi, na chini zikabaki nyuzi laini. Mama mdogo alipiga vigelegele mpaka mlinzi akaja mbio akidhani kuna moto.

Kesho yake wakubwa walizishika nyuzi zile, wakakubali kazi iendelee. Chiriku aliruka kwa furaha.

"Vumbi baya tunamwaga, tunachota jingine," mama mdogo alimwambia. "Lakini ungenyamaza, ningemwaga kiyeyushi kizuri na kuamini kwamba sijui kazi yangu. Ukikosea, mwanangu, sema mapema, kabla mwenzako hajabeba kosa lisilo lake."