Sumaku ya Stoo ya Dawa

Mfamasia alifika kazini asubuhi akakuta mlango wa stoo umefungwa barabara, taa ya kufuli inawaka kijani, na rafu ya sindano za saratani iko tupu. Bawaba hazikuguswa. Dirisha halikuwepo. Mlango ulishikwa na sumaku, na kadi ya kuufungua ilikuwa shingoni mwa mlinzi.

Mlinzi akawekwa ndani. Alasiri angefikishwa mahakamani, na mkuu wa kituo cha polisi alimwambia mpelelezi asijisumbue. Lakini mpelelezi, mama asiyependa kuharakishwa, alikuwa ameongea na mlinzi huyo mzee kupitia nondo. Hakuapa wala kulia. Aliomba tu binti yake asiambiwe mpaka atoke kwenye mtihani.

Mpelelezi akaenda karakana ya hospitali, kulikotengenezwa kufuli la stoo. Fundi Mkuu alimpa kiti, akamweleza taratibu. Juu ya mlango kuna bodi, kompyuta ndogo inayoendeshwa na programu ya Linux. Ikikosa kazi hulala ili isimalize betri. Ikiguswa na kadi, huamka.

"Na ikilala, sumaku haiachii?"

"Haiachii, afande. Jana mchana nilipima mwenyewe pale mlangoni. Nilichomoa kebo ya majaribio, bodi ikalala, nikavuta mlango. Haukutikisika. Mzee tunampenda, ila kadi ni yake."

Pembeni, msichana wa programu waliyemwita Waya aliacha kuandika. Vidole vilibaki hewani.

Mpelelezi akamtoa kwenye korido. Waya alikiri. Ndiye aliyeandika faili la pini, zile njia ndogo ambazo bodi hupitishia amri. Kila pini hupewa amri mbili: ya kuwa macho na ya kulala. Pini ya sumaku aliiandikia ishike ikiwa macho. Ya kulala aliisahau, kwa hiyo bodi ikilala sumaku huachia, na asubuhi hiyo ndipo alipoona.

"Siku zote hizo hukuona?"

"Ni kebo, afande. Ikichomekwa, bodi hailali. Sisi tunaichomeka kila tukipima ili tusome bodi inasema nini, kwa hiyo mezani kwetu haijawahi kulala hata mara moja. Mlangoni nako tuliiacha imechomekwa vile vile."

"Basi anayejua siri ya mlango ni wewe."

"Ningejua mapema ningerekebisha. Nani anataka kufukuzwa?" Akajifuta pua kwa mkono wa shati. "Nifungeni kwa uzembe, lakini sindano sijui."

Mpelelezi alitaka kujua kama faili limebadilishwa tangu kufuli liwekwe mlangoni. Waya akamwonyesha: halijaguswa. Ndipo mpelelezi akaita wote mlangoni, mfamasia na Fundi Mkuu pia.

Kebo ilikuwa imechomekwa. Mpelelezi akavuta mlango, haukwenda. Waya akapanda ngazi, akachomoa kebo. Wakasubiri. Fundi Mkuu alikohoa, akasema ana kazi nyingi. Taa ya kijani ikazimika, kitu kikasema tak, na mlango ukasogea wenyewe kiasi cha kupitisha kidole.

"Faili ni lile lile la jana," mpelelezi alisema. "Umeniambia bodi ililala na mlango haukutikisika. Ulifunguka, Fundi. Ukanificha."

"Labda nimechanganya."

"Uchanganye kwa kumtupia mzee wa watu kosa?"

Fundi Mkuu akaegemea ukuta. Alianza kwa sauti ya chini, hawakumsikia, ikabidi arudie. Kweli alikuwa anapima tu. Mlango ulipolegea mkononi mwake aliwaza kumwita Waya arekebishe. Kisha akaona jina la dawa kwenye maboksi. Mke wake alikuwa ameisubiri dawa hiyo mpaka hawezi tena kupanda ngazi za nyumbani, na kila wakiuliza wanaambiwa zamu yake bado. Jioni alirudi na begi, akachomoa kebo tena. Alipomaliza, akachomeka kebo, bodi ikaamka, sumaku ikashika kama hakuna kilichotokea.

"Zipo kwenye friji, nyuma ya maziwa. Mke wangu anajua nimezinunua. Hajaanza kuchomwa."

Mpelelezi akapiga simu kituoni, akaamuru mlinzi atolewe saa hiyo hiyo. Alirudia amri mpaka aliposikia funguo zikilia upande wa pili.

"Afande," Fundi Mkuu akasema, "mwachieni mke wangu sindano moja."

Mpelelezi akamtazama mfamasia. Mfamasia alikuwa analia, lakini akatikisa kichwa. Mgonjwa wa kuchomwa sindano hizo mchana huo alikuwa ameshalazwa, mkono umefungwa mpira, anangoja.