Aliyekula Wali wa Wafaa

Jioni ile Mama alinikabidhi sinia la chakula na kopo la singo, manukato ya kumsugua bibi arusi mwilini. Bi Zamzam, somo na kungwi wa mdogo wangu Wafaa, alikuwa kwake na homa tangu Wafaa awekwe ndani, basi kazi ya kumsinga bibi arusi ikaniangukia mimi. Adhana ya Magharibi ilikuwa ikitoka misikiti yote ya Amu kwa pamoja. Nikapanda ngazi nikinung'unika, maana sinia lilikuwa zito.

Kwetu bibi arusi akishawekwa ndani haonwi ovyo, ili siku ya kutolewa uso wake uwe mpya. Chakula tulikiacha mlangoni, tukabisha, tukashuka. Sahani zilirudi tupu kila mara. Mama alikuwa na furaha isiyo kifani, kwa sababu Wafaa alichekwa unene na mawifi siku ya posa, akaapa hatatia kitu kinywani mpaka apungue.

"Kiapo kimemshinda," Mama aliwaambia majirani. "Mwanangu yuwala!"

Nikabisha.

"Sukuma, Dada. Mimi siwezi."

Chumba kilikuwa na giza. Kilinukia asmini na udi, na chini yake... harufu nyingine. Harufu ya buchani.

Niliweka sinia chini, nikaanza kumsinga. Mikono yangu ikasita. Tumbo lake lilikuwa lile lile, laini. Lakini mapaja na mabega... ngozi iliteleza juu ya mfupa, hapana kitu katikati. Huyu ndiye Wafaa aliyekuwa akipandisha ndoo mbili za maji mpaka darini huku anaimba! Machozi yakanitoka.

"Wafaa, huli?"

"Sina ndaa."

"Na sahani, nani huzimaliza?"

Kisha akaninong'oneza sikioni.

"Kuna bibi huja Magharibi. Hukaa pale, chini ya zidaka za ukutani. Alin'ambia nimpe chakula changu, naye ataniondolea unene."

"Bibi gani?"

"Simjui. Nilimwambia atwae mafuta, Dada. Yeye yuwatwaa nyama."

Nyuma yangu kitu kikatafuna.

Taratibu... kwa mdomo wenye mate...

Niligeuka. Hapakuwa na mtu.

Sinia lilikuwa tupu.

"Simama, tutoke!" Alijaribu. Miguu haikumbeba. Nikamweka mgongoni kama nilivyombeba utotoni, nikashuka naye ngazi huku nikisoma Ayatul Kursiy na kumwita Mama. Mikono yake haikuweza kunishika shingo. Moyo wake ulikuwa ukigonga mgongoni mwangu. Ukagonga. Ukanyamaza. Ukagonga tena...

"Dada," alinong'ona, "amefika moyoni."

Hospitalini daktari alituambia kwa upole kwamba mwili ukinyimwa chakula hauchomi mafuta peke yake. Hula misuli yake wenyewe, ya miguu, ya mikono. "Na moyo nao ni msuli," akasema, akainamisha macho. Mimi namwamini. Lakini hakunieleza nani alikuwa akila wali.

Tulimwosha Wafaa na kumvika sanda akiwa bado ananukia singo ya arusi yake. Tumbo lile alilolichukia lilikuwepo, laini, halikupungua hata kidogo. Nililia mpaka sauti ikanikauka. Mdogo wangu alikuwa mzuri, na hapana aliyemwambia hivyo kwa wakati.

Mama hajakubali. Kila Magharibi hupanda na sahani, huiacha mlangoni, hubisha, hushuka. Hatujamkataza, tunamwonea huruma. Kula kwenyewe hali. Akiandaliwa chakula husema ameshashiba.

Jana alinipa ile sahani nikaioshe. Ilikuwa tupu, inang'aa.

"Mwanangu yuwala," akaniambia, akitabasamu.

Nilimshika mkono kumsaidia kuinuka mkekani.

Ngozi yake iliteleza juu ya mfupa.